Wakili Aliyewekwa na Mahakama ni wa Nani?



Katika sehemu zetu hizi za Segese, Kakola, Bugarama na vijiji vinavyozizunguka, si jambo geni kusikia kwamba kijana wa fulani amechukuliwa na polisi kwa shtaka la mauaji. Dhahabu imetuletea watu kutoka pande nyingi, na pamoja nao umekuja ugomvi wa usiku kwenye maduara, wizi wa mawe, na fedha zinazogombewa kabla hazijahesabiwa. Tena lile balaa la zamani la kuwaua wazee, hasa akina mama, kwa kudhaniwa wachawi, bado linatuumiza mioyo. Mashauri ya namna hiyo huanzia mahakama ya wilaya, lakini husikilizwa na kuamuliwa na Mahakama Kuu. Na kwa kuwa washtakiwa walio wengi hawana fedha ya kuweka wakili, mahakama humwekea kila mmoja wakili wa kumtetea, naye hulipwa kwa fedha ya umma.

Hapo ndipo swali letu linapoanzia. Wakili huyu ni wa nani? Je, ni wa Serikali inayomlipa, au ni wa mshtakiwa asiyemlipa hata senti moja? Tena, ikiwa mshtakiwa ametenda kweli, yafaa amwambie wakili yote? Na wakili akishajua, ni halali amtetee? Na sisi tulio nje, ndugu na majirani na washirika wa kanisa moja, yatupasa nini? Watu hudhani maswali haya ni ya wanasheria. Twaona sivyo. Ni maswali ya kweli na uongo, na ya uhai wa mtu. Kwa hiyo ni yetu sote.

NENO LINALOPOTOSHA

Tuanze na jambo dogo la lugha, maana limeweza kuleta hasara kubwa. Mwanasheria anayeendesha mashtaka kwa niaba ya Jamhuri huitwa Wakili wa Serikali. Ndilo jina la kazi yake. Lakini watu wetu wakisikia kwamba mshtakiwa "amepewa wakili na serikali", humwita huyo naye wakili wa serikali. Majina yakishakuwa mamoja, watu nao huwa wamoja katika mawazo ya mahabusu. Anakuja mgeni mwenye suti nyeusi na faili mkononi, anasema, "Nimewekwa na mahakama, nieleze habari zako." Mahabusu anajiambia moyoni, "Huyu ni wao; nikisema, nimejifunga mwenyewe." Basi anajibu kwa kifupi, "Mimi sijui lolote, nilikamatwa tu." Wakili anaandika mstari mmoja na kuondoka. Siku ya shauri ikifika, yule aliyekuja kumsaidia anasimama mikono mitupu, na wa upande wa pili ana maelezo ya mashahidi wote waliokwisha kuandikwa.

Kwa hiyo tufundishane vizuri. Wakili wa Serikali hushtaki. Wakili wa utetezi hutetea, hata akiwa amewekwa na mahakama. Hao ni watu wawili, wenye kazi mbili zinazopingana.

Wako watakaosema, "Lakini wote wanakula kikapu kimoja." Ni kweli, fedha yatoka mahali pamoja. Lakini daktari wa hospitali ya wilaya naye hulipwa na Serikali. Je, akimpasua mgonjwa, humpasua kwa faida ya Serikali? Mwalimu wa shule ya msingi hulipwa na Serikali. Je, mtoto akijua kusoma, maarifa yale ni ya nani? Mshahara waonyesha fungu lilikotoka, wala hauonyeshi kazi inafanywa kwa ajili ya nani. Daktari ni wa mgonjwa wake, na wakili ni wa mshtakiwa wake.

Nayo sheria inalithibitisha hilo. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inamkataza wakili kutoa siri alizoambiwa na mteja wake katika kazi yake, mpaka mteja mwenyewe aruhusu. Haisemi mteja aliyelipa. Ulinzi huo hauwafuniki wale wanaomtumia wakili kupanga uovu mpya; lakini habari ya jambo lililokwisha kupita, mshtakiwa aweza kumweleza wakili wake bila hofu ya kuisikia tena kinywani mwake mahakamani.

KWA NINI SERIKALI IMLIPE MTU WA KUIPINGA?

Mtu aweza kuuliza: ni busara gani hii, Serikali kushtaki kwa mkono mmoja na kumlipa mpinzani wake kwa mkono wa pili? Jibu twalijua sisi wa Shinyanga kuliko wengi, maana tulilipata kwa machungu.

Mwaka 1976 watu wengi wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga walikamatwa kwa tuhuma za mauaji yaliyokuwa yamezagaa wakati ule. Nia ilikuwa kuyakomesha mauaji, nayo ni nia njema. Lakini waliokamatwa waliteswa ili waseme, na wengine walikufa wakiwa mikononi mwa vyombo vya dola. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa kuwajibika, ingawa si yeye aliyewapiga watu wale. Miaka 8 baadaye nchi ilimpa urais, na watu hawakuacha kulikumbuka tendo lile kwa heshima.

Fundisho la mambo yale ni hili: hata vita iliyo ya haki, ikikosa mtu wa kuuliza "Je, huyu ndiye?", huwala na wasiokuwamo. Aliyekufa kwa mateso hawezi kutuambia kama alikuwa muuaji. Na kama hakuwa muuaji, basi muuaji alibaki kijijini. Mtu anayelipwa ili aiulize Jamhuri maswali magumu si adui wa Jamhuri. Anaisaidia isitende dhambi kwa jina letu sote.

Sheria ya kuwapa washtakiwa msaada wa mawakili katika mashauri ya jinai ilikuwako tangu mwaka 1969. Kwa miaka mingi msaada huo uliwafikia hasa wenye mashtaka ya Mahakama Kuu kama mauaji, na wengine wenye mashtaka mazito katika mahakama za chini walijitetea wenyewe. Mmoja wao, Alex Thomas, alihukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha bila kuwa na wakili. Shauri lake lilifika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, nayo tarehe 20 Novemba 2015 iliamua kwamba nchi yetu ilikosea kwa kutompa msaada wa kisheria. Mwaka 2017 Bunge lilitunga Sheria mpya ya Msaada wa Kisheria mahali pa ile ya 1969. Kwa sheria hiyo mahakama yaweza kuagiza mshtakiwa asiye na uwezo apewe msaada pale haki inapodai hivyo, na wasaidizi wa kisheria wanaotembea vijijini wanatambuliwa rasmi.

Basi wakili huyu si sadaka ya kumtuliza maskini, wala si mapambo ya mahakama. Ni sehemu ya hukumu iliyo ya haki. Nikodemo aliwauliza wakuu wenzake kama sheria yao humhukumu mtu kabla ya kumsikia, wakamdhihaki. Swali lake ndilo analolichukua kila wakili wa utetezi aingiapo mahakamani.

UKWELI NA BEI YAKE

Sasa tuje kwenye lililo gumu. Tuchukue mfano, si wa mtu fulani, bali wa kufikiria tu. Kijana mchimbaji anashtakiwa kumwua mwenzake kwa nyundo, usiku, kwenye duara. Kaka zake amewaambia kwamba hakuwapo. Polisi wameandika kwamba alikiri kupiga. Wakili aliyewekwa na mahakama anamwambia kwamba hajui lolote. Ni habari tatu za usiku mmoja.

Tuseme kweli yenyewe ni ya nne: marehemu alikuja na panga, giza lilikuwa nene, kijana alipiga pigo moja, kisha akakimbia kumwita mtendaji wa kijiji. Mbele ya sheria habari hii ni tofauti na zile zote. Mauaji ya kukusudia adhabu yake ni kifo, nayo jaji hana nafasi ya kuipunguza, ingawa tangu mwaka 1994 hakuna aliyenyongwa katika nchi yetu. Kuua bila kukusudia kwaweza kufikia kifungo cha maisha, lakini jaji hupima na aweza kutoa kidogo sana kuliko hapo. Na aliyejikinga na kifo bila kupita kiasi huenda asiwe na hatia kabisa. Panga lile, pigo lile moja, na mbio zile za kwenda kwa mtendaji ndivyo vinavyotenga mambo hayo matatu, na anayevijua ni kijana peke yake. Akivificha kwa wakili wake, amevificha kwa mtu pekee ambaye angeweza kuviweka mbele ya jaji.

Mambo madogo yamekwisha kuokoa watu kabla ya leo. Mwaka 1941 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua rufani ya Fabiano Kinene na wenzake kutoka Uganda. Walimwua mtu waliyemkuta usiku wa manane akitambaa uchi kwenye uwanja wa nyumba, wakiamini ndiye mchawi aliyewamalizia ndugu zao. Mahakama haikusema walitenda haki. Lakini kwa sababu ya hali ile ya usiku ule, hatia ikashushwa kutoka mauaji hadi kuua bila kukusudia. Wala mtu asichukue hapa ruhusa ya kumgusa mzee yeyote, maana mahakama zimesema mara nyingi kwamba imani ya uchawi peke yake si udhuru. Tunalotaka lionekane ni hili: saa ya usiku, mtu kutambaa, mahali alipokutwa, hayo yasingejulikana kama wasingeyasema.

Lakini tusijidanganye kwamba ukweli humfaa mshtakiwa siku zote. Tuseme kijana yule alipanga, akavizia, akaua. Akimweleza wakili hivyo, atapoteza kitu: wakili hawezi tena kumwita shahidi anayejua kwamba atasema uongo, wala hawezi kuiambia mahakama kwamba mteja alikuwa Geita hali ajua alikuwa Segese. Anayesema kweli kwa wakili wake amefunga baadhi ya milango, na hiyo ndiyo bei yake.

Je, wakili atamwacha? La. Bado kazi yake ipo. Jamhuri ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha, tena pasipo kuacha shaka ya maana. Wakili aweza kuwahoji mashahidi, kuuliza kama waliona au walisikia tu, kupinga maelezo yaliyotolewa kwa kipigo, na kuona kwamba utaratibu umefuatwa. Anaweza kumweleza mteja maana ya kukiri. Tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu mashauriano ya kukiri kosa kati ya utetezi na upande wa mashtaka, isipokuwa kwa baadhi ya makosa. Na hatia ikithibitika, palipo na nafasi ya kupunguza adhabu, wakili ndiye atakayesema ni mtu gani anayehukumiwa. Hayo yote aweza kuyafanya bila kusema uongo hata mmoja. Kumtetea mtenda dhambi si kuitetea dhambi.

Twaamini basi kwamba mshtakiwa yampasa kusema kweli kwa wakili wake, awe ametenda au hakutenda. Faida si sababu pekee. Mahabusu amenyang'anywa karibu kila kitu: hawezi kwenda atakako, wala kula atakacho, wala kulala nyumbani kwake. Amebakiwa na mtu mmoja ambaye kwa sheria hawezi kumgeuka. Akimdanganya hata huyo, amejitia mwenyewe katika chumba cha ndani zaidi kuliko kile alichotiwa na askari.

YAMPASAYO MSHTAKIWA

Kwa kuwa wengi wetu tuna ndugu au jirani aliye mahabusu, tueleze kwa utaratibu mambo yanayofaa kumwambia tunapokwenda kumwona.

Kwanza, asikilize kwa makini huko wilayani. Hapo haulizwi kama ni kweli au si kweli, lakini kabla shauri halijapelekwa Mahakama Kuu maelezo ya mashahidi husomwa mbele yake. Wengi husinzia kwa kuwa hawaulizwi kitu. Kumbe ndiyo saa ya kujua ni nani atasema nini. Aweke akilini kila neno lisilo kweli, ili amwambie wakili.

Pili, atayarishe habari yake kabla wakili hajaja. Wakili hawa wana mashauri mengi na njia ndefu, na si ajabu wakaonana na mshtakiwa kwa muda mfupi tu, siku chache kabla ya shauri au hata asubuhi ile ile. Mwenye kuanza na hadithi za tangu utoto atakatizwa njiani. Aanze na siku yenyewe: alikuwa wapi, na nani, aliona nini, alifanya nini, alikamatwa siku gani na saa ngapi, na nani alikuwapo.

Tatu, aseme wazi habari ya maelezo yake ya polisi. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya mwaka 1985 imeweka muda wa msingi wa saa 4 tangu kukamatwa kwa polisi kumhoji mtu, nao huongezwa kwa utaratibu maalumu tu. Kama alipigwa, au aliahidiwa kitu, au aliwekewa kidole gumba kwenye karatasi asiyosomewa, wakili ajue mapema. Pingamizi hutolewa pale maelezo yanapoletwa, kabla mahakama haijayapokea. Ndipo jaji anaposimamisha kesi kubwa na kusikiliza kesi ndogo ndani yake, kujua kama maelezo yalitolewa kwa hiari. Anayelalamika baada ya maelezo kupokewa huwa amechelewa.

Nne, kama siku ile alikuwa mahali pengine, hilo nalo lisemwe mapema. Sheria yataka upande wa mashtaka upewe taarifa kabla, ili nao wachunguze. Anayelileta ghafla mwishoni, mahakama yaweza kutolipa uzito wowote, hata kama ni kweli tupu.

Tano, kama Kiswahili chake si kizuri na Kisukuma ndicho akijuacho, aseme, wala asione haya. Ni haki yake kutafsiriwa ushahidi katika lugha anayoielewa. Mtu anaweza kunyongeshwa na neno moja alilolijibu "ndiyo" bila kulielewa.

Sita, ajue yaliyo yake na yaliyo ya wakili. Kukiri au kukana shtaka, na kutoa au kutotoa ushahidi wake, huamua mshtakiwa mwenyewe baada ya kushauriwa. Shahidi aulizwe nini na kwa namna gani, hiyo ni kazi ya wakili. Kama ana sababu ya kweli ya kutomtaka wakili aliyewekwa, aiseme mbele ya jaji, kwa adabu na mapema, bila kungoja hukumu.

Saba, akihukumiwa na asiporidhika, taarifa ya kukata rufani kwenda Mahakama ya Rufani yatakiwa itolewe ndani ya siku 30. Amwulize wakili siku ile ile, maana kulia kwa mwezi mzima kwaweza kuufunga mlango.

YATUPASAYO SISI TULIO NJE

Hapa twataka kusema kwa upole lakini bila kuficha. Shauri laweza kuharibiwa na watu wanaompenda mshtakiwa, nasi twaona njia nne zinazoliharibu.

Njia ya kwanza ni ushahidi wa kutunga. Mzazi mwenye uchungu atakuja kwa mwanakwaya au mzee wa kanisa na kusema, "Wewe sema tu kwamba usiku ule alikuwa nasi kwenye mkesha." Anaomba neno dogo, naye analia. Ndugu, hapo ndipo imani ya mtu inapopimwa. Kama kijana hakuwapo mkeshani, shahidi wa namna hiyo ataapa uongo, ataulizwa nani alihubiri, nani aliketi karibu naye, na walitoka saa ngapi. Kisha uongo ukivunjika utaangukia kichwa cha kijana, kwa kuwa jaji atajiuliza kwa nini ilibidi kutunga. Tena kama kijana ni kweli aliua, uongo ule umemzika marehemu mara ya pili. Jibu la upendo ni kumwambia mzazi, "Hilo siwezi. Lakini nitamtafuta yule aliyemwona kweli."

Na kazi hiyo ya kutafuta ni yetu hasa. Wakili hana gari la kuzunguka machimboni, wala hamjui mtu. Wachimbaji huhama: leo yuko Segese, mwezi ujao yuko Geita, mwakani yuko Chunya. Shahidi wa kweli asipoandikwa jina na mahali anapopatikana katika majuma ya kwanza, baada ya miaka miwili ya kungoja hatapatikana. Majina yale, jina la mtendaji aliyeitwa, la mganga wa zahanati aliyemwona akiwa na majeraha, yapelekwe kwa wakili. Yasiende kwa mtu mwingine yeyote.

Njia ya pili ni maneno mengi. Katika jumuiya zetu mtu husimama na kuomba, "Tumwombee ndugu yetu, maana aliniambia gerezani kwamba ni kweli alimpiga." Nia yake ni njema, lakini siri ya mshtakiwa imelindwa kwa wakili tu, haikulindwa kwa rafiki wala kwa jirani. Aliyeyasikia maneno yale aweza kuitwa kuwa shahidi wa Jamhuri. Tuombe kwa jina la mtu, na tuiache habari ya kesi. Mungu anaijua tayari.

Njia ya tatu ni fedha. Ng'ombe huuzwa, na fedha hupewa wale vishoka wanaozunguka karibu na mahakama wakisema wanajuana na wakubwa. Msaada wa kisheria wa sheria ya 2017 ni wa bure kwa anayeupata. Anayedai fedha ya kupeleka ndani anauza asicho nacho. Tena anamwachia mke na watoto wa mahabusu njaa juu ya huzuni. Fedha ile ingefaa kuwa nauli ya mashahidi, na sabuni, na unga wa watoto.

Njia ya nne ni kumtupa mtu. Wako wanaosema, "Mimi siendi kumwona, nitaonekana namwunga mkono muuaji." Tena familia ya marehemu huenda inaabudu pamoja nasi, katika viti vile vile, na twaona haya. Haya hiyo twaielewa. Wenye msiba ndio wa kwanza kupewa faraja, nao wasisikie kutoka kwetu neno lolote la kumdharau marehemu wao. Lakini utetezi mzuri ni haki yao pia. Akifungwa asiyehusika, aliyemwua mtoto wao anakunywa chai sokoni. Na shauri likiendeshwa vibaya, Mahakama ya Rufani yaweza kufuta kila kitu na kuagiza lianze upya. Nao watalazimika kusimama kizimbani tena na kusimulia upya kifo kile. Wakili aliyefanya kazi yake vema anaipa familia ile kitu kimoja wasichoweza kukipata kwa njia nyingine: hukumu ambayo haitawasumbua usiku kwa kuuliza, "Je, ndiye kweli?"

Basi, wakili aliyewekwa na mahakama ni wa nani? Ni wa mshtakiwa, kwa sheria na kwa haki, ingawa fedha yatoka kwa watu wote. Lakini nguvu yake ni kiasi cha ukweli anaopewa. Hakuna elimu ya sheria iwezayo kujua yaliyotokea kwenye duara saa nane ya usiku kama aliyekuwapo hakusema. Kijana aliye mahabusu Kahama au Shinyanga juma hili huenda amekwisha kuambiwa kwamba wakili wake atakuja, naye anajiuliza aseme lipi. Mwenye nafasi ya kwenda siku ya kutembelea wafungwa na amwendee. Amwambie kwamba huyo mgeni mwenye faili ni wake, na kwamba amweleze yote, lililo jema na lililo baya.

Ni sisi ndugu zenu katika kazi ya jarida hili.